Theluji Katika Mji Usioizoea



Ni nyumba chache sasa katika mtaa wetu zisizokuwa na mtu ng'ambo. Huyu ana binti anayesomea uuguzi, yule ana mpwa anayeendesha lori, mwingine ana kaka aliyehamia huko na watoto wake wote. Zamani tulingoja barua kwa miezi miwili. Leo picha inafika kwa simu kabla chai haijapoa, na mara nyingi ni picha ya kijana amesimama kwenye theluji, anacheka. Sisi nasi hucheka naye, kisha tunaiweka simu kando.

Mara hii nataka tuitazame picha ile kwa makini zaidi. Theluji ni nzuri kwa macho, lakini inapoangukia mji ambao haukujiandaa, huwa jambo la kufa na kupona, na mgeni ndiye huumia upesi. Mfano wetu utakuwa Madrid, mji mkuu wa Hispania, mwezi wa Januari 2021.

1. Theluji ni kitu gani?

Theluji si mvua iliyoganda njiani. Mvuke wa maji ulioko hewani, ukikutana na baridi kali huko juu, hugeuka moja kwa moja kuwa vipande vidogo vya barafu vyenye pande sita. Vipande hivyo hushikamana, vikaanguka polepole kama pamba. Kama hewa ya chini nayo ni baridi, vitafika ardhini bila kuyeyuka.

Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, nalo ni la zamani katika lugha yetu. Hata hivyo wengi waliotutangulia hawakuwa na haja nalo. Mmisionari Johannes Rebmann, wa chama cha CMS, alipouona mlima Kilimanjaro Mei 11, 1848, alimwuliza kiongozi wake ule weupe wa kileleni ni nini. Yule kiongozi alijibu kwamba ni baridi tu. Wapo wataalamu wa London waliokataa kata kata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi, mpaka wasafiri wengine walipokwenda kujionea. Na mwaka 1871 Charles New aliipanda ile njia hadi akaigusa theluji kwa mkono wake. Basi tusimcheke mtu anayeshindwa kuamini jambo ambalo hajaliona. Hata wasomi walishindwa.

Jambo la pili la kujua ni uzito. Theluji mpya huonekana nyepesi, lakini ikirundikana ni mzigo. Tukisema mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 100, basi theluji ya kina cha sentimita 50 ina kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Chukua paa la nyumba lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Hizo ni mita za mraba 80. Zidisha kwa 50, utapata kilo 4,000, yaani tani 4 juu ya vichwa vya waliolala. Na ikiwa theluji ile imelowa, uzito waweza kuwa mara tatu yake.

2. Yaliyotokea Madrid

Dhoruba ile ilipewa jina la Filomena. Hewa yenye unyevu mwingi ilitoka upande wa kusini-magharibi, baharini, ikaikuta hewa ya baridi imetanda juu ya uwanda wa kati wa Hispania. Madrid iko juu ya uwanda huo, mita zaidi ya 600 kutoka usawa wa bahari. Hewa hizo mbili zilipokutana, theluji ikaanza. Ilianguka Ijumaa Januari 8 mchana na usiku, ikaendelea Jumamosi. Ilipokwisha, sehemu nyingi za mji zilikuwa na kina cha sentimita 30 hadi 50. Haikuwako theluji kubwa kama ile katika mji huo tangu mwaka 1971.

Uwanja wa ndege wa Barajas ulifungwa Ijumaa jioni, ukaanza kufunguliwa kidogo kidogo Jumapili. Mabasi yalisimama. Barabara kubwa zinazouzunguka mji zilijaa magari yasiyoweza kwenda mbele wala kurudi nyuma, na watu wengine walilala humo usiku kucha, pamoja na watoto. Wanajeshi wa kikosi cha maafa waliitwa, na zaidi ya watu 1,500 waliokolewa kutoka katika magari. Soko kuu linalolisha mji lilifungwa. Ni treni za chini ya ardhi tu zilizoendelea, nazo zilikwenda usiku na mchana.

Kumbukeni pia kwamba ulikuwa wakati wa ugonjwa wa Korona, na hospitali zilikuwa zimejaa. Wauguzi na madaktari wengine walitembea kwa miguu saa nyingi ili wafike kazini. Wengine walikaa zamu mbili au tatu mfululizo kwa sababu wa kuwapokea hawakuweza kufika. Raia wenye magari yenye nguvu walijitolea kuwachukua wagonjwa na wauguzi. Katika taabu hiyo wapo waliotelezea kwenye theluji katikati ya mji kwa mbao za miguuni, wakifurahi kama watoto.

Furaha ile haikudumu. Siku zilizofuata baridi ilizidi. Theluji iliyokanyagwa iligeuka barafu ngumu kama sakafu ya saruji. Watu waliteleza wakavunjika mikono na nyonga, na vyumba vya mifupa hospitalini vikafurika. Shule zilizokuwa zifunguliwe Januari 11 zilibaki zimefungwa siku kadhaa zaidi. Mnamo Januari 19 serikali iliitangaza Madrid kuwa eneo lililopatwa na maafa.

3. Kwa nini mji haukuwa tayari?

Mtu atauliza, je, hawakuonywa? Walionywa. Idara ya hali ya hewa ilitabiri theluji kubwa siku kadhaa kabla, ikatoa onyo jekundu, ambalo ndilo la juu kabisa. Ila kusikia onyo na kujiandaa ni mambo mawili mbalimbali. Sababu nazipanga hivi.

Kwanza, gharama. Magari ya kusukuma theluji ni ghali. Mji unaoona theluji kubwa mara moja katika miaka hamsini hauwezi kununua magari mengi kama miji ya kaskazini inayoyatumia kila mwaka. Hesabu hiyo haina upumbavu ndani yake, lakini siku ya mashaka ina deni.

Pili, chumvi. Madrid ilimwaga chumvi barabarani, na chumvi husaidia kwa sababu maji ya chumvi huchelewa kuganda. Lakini dawa hiyo ni ya tabaka jembamba. Huwezi kuyeyusha nusu mita ya theluji kwa chumvi. Hapo ni lazima kuikwangua na kuiondoa. Tena baridi ikipita kama nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida hufanya kazi kidogo sana.

Tatu, vyombo vya watu wenyewe. Magari mengi hayakuwa na magurudumu ya majira ya baridi wala minyororo ya kufunga magurudumuni. Ni nyumba chache zilizokuwa na beleshi.

Nne, miti. Jambo hili liliwashangaza wengi. Mji ule una misonobari mingi na miti mingine isiyopukutisha majani wakati wa baridi. Mti ulio uchi hupitisha theluji, bali mti wenye majani huipokea yote, kama mtu aliyetandaza kanga. Matawi yalivunjika kwa maelfu, yakaangukia magari na kuziba njia. Bustani kubwa ya Retiro ilifungwa kwa majuma kadhaa.

Tusidhani kwamba sisi ni hodari zaidi. Desemba 2011 mvua kubwa ilifurika Dar es Salaam, na watu wakakaa juu ya mapaa wakingoja kuokolewa. Kila mji hujiandaa kwa hali ya hewa unayoikumbuka, na mara nyingi huisahau ile ya babu zake.

4. Mgeni katika theluji

Madrid ina wageni wengi sana: watu wa Ekwado, Kolombia, Peru, Venezuela, Moroko, Romania, Uchina na kwingineko. Wageni hawa hawafanani. Mtu wa Romania ameikanyaga theluji tangu utoto. Mtu wa Guayaquil, mji wa joto katika pwani ya Ekwado, huenda aliiona kwa mara ya kwanza siku ile.

Tofauti kubwa hata hivyo haikuwa nchi aliyotoka mtu, bali kazi yake na nyumba yake. Mwenye kazi ya ofisini alifanya kazi nyumbani. Anayelipwa kwa kila chakula anachopeleka kwa baiskeli au pikipiki hakupata kitu siku ambazo njia hazikupitika, na kazi hiyo kule hufanywa na wageni wengi. Mwenye ukoo mjini alikuwa na mlango wa kubisha. Aliyefika juzi, lugha hajaijua vema, alisikia onyo la redio kama kelele tu.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Cañada Real, makazi marefu yaliyojengwa bila kibali pembezoni mwa Madrid. Huko wanakaa Wamoroko wengi, Wagipsi na maskini wengine. Tangu mwanzo wa Oktoba 2020 sehemu mbili za makazi hayo zilikuwa hazina umeme wa kutegemewa. Kampuni ya umeme ilisema nyaya zilizidiwa na waliojiunganishia kwa wizi. Wakazi walisema nao wanataka kulipa, bali wapewe mita. Wakati wazee wakibishana, watu wapatao 4,000, miongoni mwao watoto kama 1,800, waliikabili Filomena kwa kuni, mishumaa na mitungi ya gesi. Theluji iliyoanguka juu yao ni ile ile iliyoangukia mabwana wa katikati ya mji. Lakini mtu aliyekuwa na chumba chenye joto aliiona kuwa mandhari, na mama asiye na umeme aliiona kuwa adui wa mtoto wake.

5. Mambo ya kumwandikia aliye ugenini

Mwezi mmoja tu baada ya Madrid, Februari 2021, baridi kali iliipiga Texas huko Marekani. Katika mji wa Houston wako wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaosema Kiswahili kama sisi. Umeme ulikatika katika mamilioni ya nyumba, tena kwa siku kadhaa. Jimbo lile baadaye lilihesabu vifo 246. Wengi walikufa kwa baridi, na wengine kwa hewa ya sumu, kwa kuwa walijaribu kuota moto ndani ya nyumba zilizofungwa. Kwa hiyo nawaomba, mnapowaandikia wana wenu, mseme haya:

(a) Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, wala jenereta, wala gari lisiwashwe katika banda lililofungwa. Hewa ile ya sumu haina harufu wala rangi. Humlaza mtu usingizi asiamke. Sisi tunaokaa milimani tunaijua habari hii, tumekwisha kuwazika watu kwa sababu yake.

(b) Avae nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, kuliko koti moja zito. Hewa iliyoshikwa kati ya nguo ndiyo inayohifadhi joto. Sufu ni bora kuliko pamba, kwa maana pamba ikilowa hunyonya joto la mwili.

(c) Akikwama garini, asitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu usiku. Akitaka kuwasha injini apate joto, kwanza aondoe theluji kwenye bomba la moshi, na kioo kimoja akiache wazi kidogo.

(d) Mtu aliyepoa kupita kiasi huanza kwa kutetemeka. Akiacha kutetemeka, akasema maneno yasiyoeleweka, hajapona bali amezidiwa. Avuliwe nguo mbichi, afunikwe, apewe kinywaji cha moto kama aweza kumeza, na daktari aitwe. Pombe isitolewe, kwa sababu huongeza joto la ngozi na kupunguza la moyoni.

(e) Onyo likitolewa, aliamini, hata kama jua linawaka siku hiyo. Anunue chakula na dawa za siku tatu.

(f) Ajue jina la jirani yake. Hili nimeliweka mwisho ili likumbukwe. Wakati wa Filomena wengi waliosaidika walisaidiwa na mtu wa karibu mwenye gari, beleshi au chungu cha supu. Mwana wetu asikae miaka miwili katika jengo bila kumwamkia hata mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini miti yenye majani iliumia zaidi kuliko miti iliyopukutika?
2. Nyumba yako ina paa la mita ngapi za mraba? Fanya hesabu ya uzito kama tulivyofanya.
3. Je, ni maafa gani mtaa wetu uliyapata zamani, na leo hatuna maandalizi nayo?
4. Ni nani mgeni katika mtaa wetu ambaye, mvua kubwa ikinyesha usiku huu, hana mlango wa kubisha?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu. Kila kikundi kilete jina.