Ukipeleka wanafunzi Mlingotini, uliza mwezi kwanza

Nimerudi kutoka Mlingotini, kijiji cha pwani ya Bagamoyo, na kidato cha tatu, tope mpaka magotini, sare zinanuka mwani, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeniuliza tunaondoka saa ngapi. Aliyewahi kupeleka watoto ziara ya masomo anajua huo ni ushindi wa namna gani. Tangu hapo walimu wenzangu wa Dar wananipigia simu wakitaka ratiba. Ratiba ninayo, ina hatua saba, nitaziweka zote hapa. Ila kwanza niacheni nimseme wakala.

Mwaka jana ofisi ya shule ilimpa kazi hii wakala mmoja wa safari wa mjini, mtu wa fulana zenye nembo na maneno laini. Nilipinga kikaoni, nikaambiwa wale ni wataalamu. Kifurushi chake kilikuwa na kila kitu: magofu ya Kaole, matembezi kwenye mikoko, shamba la mwani, chakula cha mchana. Tukafika ufukweni saa nne asubuhi. Mikoko imesimama majini mpaka kiunoni, shamba la mwani halionekani, na wanafunzi wamejipanga mchangani wakitazama maji kama watu wanaosubiri kivuko. Kijana aliyetumwa na wakala akawatangazia kwamba bahari imejaa kwa sababu ya upepo. Upepo gani? Hata kuti la mnazi halikutikisika.

Mama mmoja alikuwa barazani anasuka ukili. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, mwezi leo una siku saba. Maji mafu haya. Nani kawaleteni?"

Tukala wali uliopakiwa Dar, umepoa, tukapanda gari. Kijiji hakikuuza hata dafu moja. Na hiyo ndiyo iliyoitwa ziara ya utalii wa ikolojia.

Basi, hatua.

Hatua ya kwanza: mwezi

Shule nyingi huanza na tarehe: Jumamosi ipi haina mtihani, gari lipi lipo. Pwani hii mambo huanza na maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, siku ya saba au ya nane, na tena kwenye ishirini na mbili hivi, ni maji mafu: tofauti inashuka kwenye mita 1 hivi. Siku hizo hata maji yakipwa, hayaendi mbali.

Jambo la pili ndilo hasa ambalo wakala yule hakulijua, na mimi nilifundishwa na wavuvi wa Kunduchi kabla sijaliona kwenye kitabu chochote. Saa za maji haziji ovyo. Bamvua ya pwani yetu hupwa asubuhi, saa nne na nusu hivi. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika kama 50. Kwa hiyo huhitaji zaidi ya ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni. Anza na mwezi mosi au mwezi kumi na tano: saa nne na nusu asubuhi. Mwezi pili: saa tano na dakika 20. Mwezi tatu: saa sita na dakika 10. Mwezi nne: saa saba mchana. Endelea hivyo mpaka siku ya saba, utajikuta kwenye saa tisa na nusu alasiri. Maana yake ni kwamba maji yalijaa kabisa karibu na saa tatu na nusu asubuhi. Tulifika saa nne. Kwa hesabu ya kidole ungejua kwamba tunapelekwa kutazama maji.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Mwezi unaweza kuonekana leo au kesho, na kalenda hutofautiana kwa siku moja. Ukishachagua siku, ilinganishe na jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam. Bagamoyo hutofautiana na Dar kwa dakika tu. Siku zangu ni mwezi mosi mpaka wa nne, na kumi na tano mpaka kumi na nane. Mwanafunzi anaondoka Dar alfajiri, anafika maji yakiwa bado yanatoka, na hapo ndipo somo lilipo. Ukifika maji yameshatoka kabisa, umekosa nusu ya hadithi.

Safari hii nilimpa kila mwanafunzi kijiti. Tulipofika tu, kila mmoja akachomeka chake pale maji yalipoishia, akasubiri. Baada ya dakika kumi maji yameshaviacha vijiti nyuma, na mabishano yameanza: yameshuka kiasi gani, mbona huku yameenda mbali kuliko kule, mteremko wa ufukwe unahusikaje. Sikuwa nimesema neno. Ni somo ambalo ubaoni nililisukuma wiki nzima watoto wakipiga miayo.

Kijiti kile kile ndicho usalama wako. Mlingotini kuna wangwa, na maji yanaporudi hupita kwanza kwenye mikondo, yaani nyuma yako, wakati bado unaona tope kavu mbele. Chomeka kimoja kwenye ukingo wa mkondo, weka mtu mmoja hapo. Maji yakikigusa, filimbi, na wote wanarudi. Msibishane na maji.

Hatua ya pili: barua

Barua kwa serikali ya kijiji, ipelekwe kwa mkono, iwe na namba ya simu. Mnajua.

Hatua ya tatu: gari

Kosta, si basi kubwa. Barabara ya Bunju, Mapinga, Kerege mpaka Zinga ni lami na mtu yeyote ataipita. Ukiiacha lami kuelekea baharini ndipo dereva wa basi kubwa anapoanza kuzungumza habari za posho. Pita Tegeta kabla jua halijatoka. Kofia, maji ya kunywa, dawa za huduma ya kwanza: ninyi ni walimu.

Hatua ya nne: viatu

Hapa nina kinyongo. Kuna duka Kariakoo linalouza "viatu vya bahari", rangi zinang'aa, na muuzaji anaapa kwa jina la mama yake. Nilinunua vya kwangu na vya wasaidizi wangu. Soli zikabaki kwenye tope la mikoko ndani ya robo saa. Kandambili ndiyo usiseme: tope linaivuta, mguu unatoka, kiatu kinabaki. Aliyetembea kwa raha siku ile ni mtoto aliyevaa raba za shule zilizochakaa, kamba zimefungwa mara mbili, na soksi ndefu. Mizizi ya mchu imesimama wima kwenye tope kama misumari, na miguu mitupu haifai. Raba kuukuu, basi. Hela ya Kariakoo nunueni madafu.

Hatua ya tano: kina mama wa mwani

Hatua hii niliiandika "kutembelea shamba", lakini tulichofanya hakikuwa kutembelea. Bamvua ndizo siku zao za kazi. Maji yakitoka hawana muda wa kusimama kupigwa picha na watoto wa mjini. Nilikubaliana nao mapema kwamba wanafunzi watafanya kazi. Mama mmoja akakaa na wasichana wanne kwenye kivuli, kamba imelazwa mapajani. Anachukua kipande cha mwani kinachojaa kiganja, anakizungushia kijikamba, anakifunga kwenye kamba kubwa kwa fundo legevu, anaruka nafasi ya shubiri moja, kingine. Mwanafunzi wangu mmoja akafunga akakaza, fundo la uhakika. Mama akalifungua bila kusema, akampa tena. Baadaye akaeleza: ukikaza, mwani unakatika pale pale unaponenepa, na baada ya wiki sita unavuna kamba tupu.

Kutoka hapo hadithi ikafungua njia yenyewe. Akawaambia kwamba kotonii, mwani wenye bei nzuri, ulikuwa ukifa kwenye maji ya kina kifupi yanapopata joto, ndiyo maana wengine wakahamia kwenye maji marefu kwa kamba za kuelea, na huko unahitaji chombo na kujua kuogelea. Mabadiliko ya tabianchi ambayo kwenye mtaala wetu ni mchoro wa mishale, pale yalikuwa swali la nani ana mtumbwi. Kijana mmoja akauliza kuhusu bandari iliyopangwa kujengwa Bagamoyo. Mkataba ulisainiwa mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015, mradi ukasimamishwa mwaka 2019, na eneo lenyewe ni hili hili la Mbegani na Mlingotini. Mama akajibu kwamba yeye anapanda cha wiki sita, ya miaka thelathini wanaijua wakubwa. Kidato cha tatu waliandika hilo jibu wote.

Kaole tuliiweka mchana, baada ya mikoko, na nasisitiza mpangilio huo. Magofu yake, misikiti miwili, ule mkongwe ukiwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo, huwa yanawachosha watoto wakianza nayo. Wakiwa wameshazama kwenye tope wanauliza wenyewe: mji wa biashara ya bahari, mbona bahari haionekani? Wanaona mikoko imesimama kati ya magofu na maji, wanaanza kukisia tope lilivyojaza bandari na watu wakahamia Bagamoyo. Mwongozaji wetu alitaka twende Bagamoyo mjini kwa ajili ya Livingstone, aliyefikishwa Bagamoyo akiwa maiti Februari 1874. Nikamwambia akitaja Chuma na Susi, walioongoza wabebaji, kwanza, tutakwenda. Akawataja.

Hatua ya sita na ya saba

Zilikuwa bajeti na ripoti, lakini nimegundua ni jambo moja: risiti. Chakula chetu kilipikwa kijijini, wali wa nazi na changu, na wapishi walikuwa wengine, si wale waliokuwa majini. Waliolipwa ni wapishi, kikundi cha mwani, mwenye mtumbwi na mwongozaji, kila mmoja mkononi mwake, na jumla haikufika ile ya wakala. Mhasibu wetu akakataa. Alitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mama wa mwani hana mashine ya EFD. Ana kitabu cha stakabadhi chenye muhuri wa kikundi. Tulibishana wiki mbili, mpaka mkuu wa shule akaandika kibali cha kupokea stakabadhi za mkono zenye barua ya kijiji.

Shule hazimpendi wakala kwa sababu anajua bahari. Zinampenda kwa sababu ana mashine. Kwa hiyo kabla hujafungua kalenda kutafuta mwezi mosi, nenda kwa mhasibu wako, mwonyeshe stakabadhi ya kikundi, upate jibu kwa maandishi.