Walibertari na Tafauti Yao na Makundi Mengine ya Siasa

Watu wengi wakisikia ya kuwa Marekani wako watu waitwao Walibertari, hudhani ni Waliberali kwa jina jingine, au ni matajiri wasiotaka kodi, au ni watu wa fujo wasiotaka serikali kabisa. Dhana zote hizi zina upungufu. Makundi ya siasa hayajulikani kwa majina yao. Hujulikana kwa majawabu yao katika swali hili: ni nani mwenye haki ya kumlazimisha mtu kwa nguvu, na katika jambo gani?

Twaa mfano wa mwaka 1971. Tarehe 15 Agosti mwaka huo Rais Richard Nixon alikataza kupandishwa bei za bidhaa na mishahara kwa muda wa siku 90. Nixon alikuwa mtu wa chama cha Republican, ambacho watu wake husifu biashara huru. Na sheria iliyompa uwezo huo ilipitishwa mwaka 1970 na bunge lililokuwa mikononi mwa wapinzani wake, Democratic. Wakati huo huo vijana walikuwa wakichukuliwa kwa lazima kupelekwa vita vya Vietnam. Basi wako walioona ya kuwa muuzaji amefungwa mikono dukani, na kijana ameshikwa nyumbani kwao, na vyama vyote viwili vimeshiriki. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo wakaunda chama chao huko Colorado. Katika uchaguzi wa 1972 mgombea wao John Hospers, mwalimu wa falsafa, alipata kura moja tu ya wajumbe wenye kumchagua rais, nayo ilitoka kwa mjumbe aliyetarajiwa kumpa Nixon.

Hoja yao ni ya zamani kuliko chama chao. Mwingereza John Locke, katika karne ya 17, alisema ya kuwa mtu ni mwenye nafsi yake, na kwa hiyo kazi ya mikono yake ni yake. Na kitu kisicho na mwenyewe akikifanyia kazi huwa mali yake, maadamu amewabakishia wengine cha kuwatosha. Robert Nozick wa chuo cha Harvard, katika kitabu chake cha 1974, akafika mbali: kodi itwaliwayo katika ujira wa mtu ni mfano wa kumtia katika kazi ya lazima. Kwake yeye serikali haina kazi illa kuzuia jeuri, wizi na udanganyifu, na kusimamia mikataba.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Msoshalisti ataka mashamba na viwanda viwe vya umma. Mliberali wa Marekani humwacha mtu aseme na aabudu apendavyo, lakini huiruhusu serikali itie mkono mfukoni mwake kwa ajili ya wanyonge. Mhafidhina mara nyingi huulinda mfuko, akaingia katika mwenendo. Mlibertari hupima mfuko na mwenendo kwa kipimo kimoja: hukataa kodi ya kugawiwa wengine, na hukataa vile vile kumfunga mtu kwa ulevi au kamari yake, ikiwa hakumdhuru mwingine. Hili la pili husahauliwa sana.

Wao kwa wao pia wamekhitalifiana. Murray Rothbard, aliyekufa mwaka 1995, alitaka hata polisi na mahakama ziwe za kukodiwa, na kodi yote aliiita wizi. Nozick hakukubali.

Aliyesoma fiqhi atakumbuka ya kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi'i mtawala hakuruhusiwa kuwawekea watu bei, na hadithi ya Anas katika jambo hili ni mashuhuri. Mtu asidhani kwa hilo ya kuwa njia ni moja. Zaka ni haki ya maskini iliyomo katika mali ya tajiri, na Sayyidna Abu Bakr aliwapiga vita walioizuia. Kwa kipimo cha Rothbard, ichukuliwayo kwa nguvu ni wizi tu.

Na lililo zito kwao wenyewe ni asili ya mali. Ardhi nyingi ya Marekani ilinyang'anywa wenyeji wake wa kwanza, na mashamba ya kusini yalilimwa na watumwa. Nozick alikiri ya kuwa dhulma iliyopita yapasa kurekebishwa. Lakini kiasi gani, na alipwe nani, hakukata hukumu.