Mashine ya Kushtua Moyo: Kausha Kifua, Usimguse Mgonjwa

Mnamo Juni 12, 2021, mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka uwanjani Copenhagen, moyo umesimama. Matabibu walimkandamiza kifua, kisha mshtuko mmoja wa difibrileta ukaurudisha moyo.

Mashine hiyo hupima moyo yenyewe na haitoi mshtuko usiohitajika, ndiyo maana hata asiye daktari anaweza kuitumia. Maagizo yake ni ya sauti, mara nyingi kwa Kiingereza, hivyo ni vyema kuyajua mapema.

Mtu akianguka, haitiki wala hapumui kawaida, mmoja apige 999 au 112, mwingine akimbilie mashine. Wewe kandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ikifika, iwashe.

Kwenye fuo zetu, Muhuru Bay hadi Sori, hatari ni maji. Mvuvi aliyezama aanze kupuliziwa pumzi kinywani na kukandamizwa kifua. Kabla ya mashine, msogezeni pakavu, mvueni shati, mpanguseni kifua hata kwa leso. Kibandiko kimoja kikae chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa.

Kisha kuna huruma: ndugu humng'ang'ania mgonjwa mkono wakilia, nao umeme haujui ndugu. Paza sauti, "Msimguse!" Tazama kichwani hadi miguuni, ndipo ubonyeze kitufe. Endelea kukandamiza papo hapo. Mashine itapima tena baada ya dakika 2. Hata akiamka, vibandiko visitolewe mpaka wahudumu wa afya wafike.