Mweka Hazina wa Halmashauri: Historia ya Ofisi Yake na Wajibu Wake kwa Mwananchi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kila halmashauri ya wilaya ya Tanzania Bara yupo mtumishi ambaye kazi yake imejengwa juu ya usemi huo, naye ni mweka hazina. Wakazi wengi wa kata hawajapata kuonana naye, na wanaomfahamu aghalabu humdhania kuwa ndiye mwenye fedha. Somo hili linaeleza jinsi ofisi yake ilivyoanza, ilivyofungwa na kufunguliwa tena, wajibu ilio nao leo, na mahali ambapo mwananchi anahusika. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mweka hazina hutunza mali isiyo yake. Hapangi matumizi peke yake, hajiidhinishii malipo, wala hajikagui.

Mfuko wa mtawala na mfuko wa umma

Kodi ilitangulia hazina. Serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, nayo ilikusanywa kwa mikono ya maakida na majumbe. Aliyelipa hakuwa na sauti juu ya matumizi ya fedha yake, na aliyekusanya hakuwa na wajibu wa kumsomea hesabu. Uchungu wa kodi na kazi za kulazimishwa ulikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907.

Baada ya Waingereza kuitwaa Tanganyika, Gavana Donald Cameron, aliyewasili mwaka 1925, aliweka utawala wa kupitia watawala wa jadi. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watawala hao mamlaka rasmi, na pamoja nayo zikaanzishwa hazina za wenyeji. Hazina hizo zilipata sehemu ya kodi ya nyumba na ya kichwa, ada na faini za mabaraza ya jadi, pamoja na ushuru wa masoko. Kutoka humo zililipa mishahara ya watawala, makarani na matarishi, na kwa kadiri ya uwezo zilihudumia zahanati, shule na njia.

Badiliko kubwa halikuwa kiasi cha fedha. Hapo kabla, watu walimpelekea mtemi au mangi sehemu ya mavuno na kumfanyia kazi shambani, na kilichoingia kwake kilikuwa chake kukigawa. Chini ya utaratibu mpya ada hizo zilifutwa na kuingizwa katika kodi ya fedha taslimu, naye mtawala akawekewa mshahara uliotajwa katika makadirio ya mwaka. Kwa mara ya kwanza mfuko wa mtawala na mfuko wa umma viliandikwa katika kurasa mbili tofauti. Hata hivyo, makadirio yalisimamiwa na ofisa wa wilaya wa kikoloni, na mlipakodi wa kawaida hakuwa na kikao cha kuyahoji. Daftari lilikuwepo, lakini mwenye mali hakuruhusiwa kulisoma.

Kufungwa na kufunguliwa kwa hazina za wilaya

Uhuru ulipopatikana, madaraka ya watawala wa jadi yalifutwa na mahali pao pakachukuliwa na halmashauri za wilaya zenye madiwani. Mzigo wa halmashauri hizo ulikuwa mkubwa kuliko mapato yake. Shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini ziliwaelemea wahazini wake, na mwaka 1969 vyanzo muhimu, ikiwemo kodi ya kichwa, viliondolewa mikononi mwao.

Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na zile za miji zikafuata. Fedha za maendeleo zikawa zinatoka Hazina kuu na kusimamiwa na watendaji wa serikali mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kuusogeza utawala karibu na wananchi, lakini kikao cha wawakilishi waliochaguliwa, ambacho kingeweza kudai hesabu, kilikuwa kimetoweka. Mijini, usafi, maji taka na barabara vilizorota, na kipindupindu kilichoenea mwishoni mwa miaka ya 1970 kiliwakumbusha watu gharama ya kukosa mamlaka ya karibu. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria ambazo ndizo msingi wa mfumo wa sasa: Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji, na Namba 9 ya fedha za serikali za mitaa. Halmashauri zilianza tena kazi mwaka 1984, na mwaka huohuo serikali za mitaa ziliingizwa katika Katiba, katika ibara za 145 na 146. Ofisi ya mweka hazina ikafunguliwa upya.

Mabadiliko mengine yalifuata. Sera ya mwaka 1998 ilisisitiza kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima aliilipa, ilifutwa pamoja na ushuru mwingine uliokuwa kero. Wananchi walipata nafuu, na halmashauri zikazidi kutegemea ruzuku ya Serikali Kuu. Kwa sababu hiyo daftari la mweka hazina lina sehemu mbili kuu: fedha zinazotoka Serikali Kuu, na mapato ya ndani ambayo halmashauri huyakusanya yenyewe.

Wajibu wa mweka hazina

Mweka hazina huongoza kitengo cha fedha na uhasibu, na huwajibika kwa Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya mwisho ya kisheria juu ya fedha zote za halmashauri. Wajibu wake waweza kugawanywa katika mafungu manne.

La kwanza ni kusimamia makusanyo. Mapato ya ndani hutokana na ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni za biashara, ada za masoko, magulio na minada ya mifugo, na vyanzo vingine vilivyotajwa katika sheria na sheria ndogo. Ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi, wala mkulima hapaswi kubebeshwa. Mwaka 2017 viwango vyake vilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kila malipo hutolewa stakabadhi ya mashine ya kukusanyia mapato au hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kisha fedha hupelekwa benki. Mkusanyaji anayetumia fedha kabla ya kuifikisha benki hutenda kosa linaloitwa kutumia fedha mbichi. Kosa hilo ni zito hata kama fedha ilitumika kwa jambo jema, kwa kuwa matumizi hayo hayakupitishwa na kikao chochote.

La pili ni bajeti. Mipango huanza kijijini, hupita katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, hufika halmashauri na kupitishwa na Baraza la Madiwani kabla ya kwenda ngazi za juu na hatimaye Bungeni. Mweka hazina hueleza fedha inayotarajiwa na mipaka yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni.

La tatu ni malipo, na hapa ndipo uimara wa ofisi hupimwa. Kabla ya kulipa, mweka hazina huuliza maswali matatu: Je, matumizi haya yamo katika bajeti? Je, yameidhinishwa na mwenye mamlaka? Je, kazi imefanyika au vifaa vimepokelewa kweli? Ankara ya mzabuni haitoshi peke yake. Panahitajika hati ya ununuzi, hati ya kupokelea vifaa na, kwa ujenzi, cheti cha mhandisi. Mtumishi anayepewa masurufu kwa ajili ya safari au shughuli hutakiwa kuyarejeshea hesabu kwa nyaraka. Mweka hazina anayelipa saruji isiyofika shuleni ameipoteza mali aliyokabidhiwa, hata kama yeye hakuchukua mfuko mmoja.

La nne ni kumbukumbu na taarifa. Kila mwezi hesabu za vitabu hulinganishwa na taarifa za benki, na taarifa ya mapato na matumizi hupelekwa kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Baraza la Madiwani hupokea taarifa kila robo mwaka. Baada ya mwaka kufungwa, hesabu hukamilishwa ndani ya miezi mitatu, yaani hadi tarehe 30 Septemba, na kukabidhiwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Yasiyo kazi yake

Malalamiko mengi hupotea njia kwa sababu hupelekwa kwa asiyehusika. Mweka hazina hatungi viwango vya ushuru wa masoko, kwani hivyo huwekwa kwa sheria ndogo zinazopitishwa na madiwani. Hatoi zabuni kwa uamuzi wake, maana ipo bodi ya zabuni. Kodi ya majengo nayo, tangu mwaka 2021, hulipwa kupitia ununuzi wa umeme, si kwenye dirisha lake.

Wala hajikagui. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri hupitia kazi yake mwaka mzima. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambaye ofisi yake imewekwa na ibara ya 143 ya Katiba, hukagua hesabu za mwaka na kutoa hati. Hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, humaanisha kuwa hesabu zinaonyesha hali ya kweli ya fedha kwa mambo yote ya msingi. Haimaanishi kwamba kila shilingi ilitumika kwa busara, wala haifuti hoja zilizotajwa katika ripoti. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita viongozi wa halmashauri kujibu hoja hizo.

Safari ya shilingi 500

Mfano wa kukadiria utasaidia kuonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme gulio lina vizimba 100, na kila kimoja hulipiwa shilingi 500 kwa siku ya gulio, mara mbili kwa wiki. Ikiwa vizimba 20 hulipiwa bila stakabadhi, shilingi 10,000 hutoweka kila siku ya gulio. Kwa mwaka wenye siku 104 za gulio, hasara ni shilingi 1,040,000, na hilo ni gulio moja tu.

Sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika mfano huu, stakabadhi zisizotolewa zimepunguza shilingi 104,000 katika fungu hilo, na kati ya hizo shilingi 41,600 zilikuwa za akina mama. Mchuuzi aliyekubali kulipa bila stakabadhi huenda ni mwanachama wa kikundi kilichoambiwa kisubiri mwaka ujao.

Nafasi ya mwananchi

Stakabadhi ndiyo mstari wa kwanza wa daftari la umma, na mwandishi wake wa pili ni mlipaji anayeidai. Mlipaji aisome: kiasi kilichoandikwa kilingane na alichotoa, na tarehe iwe ya siku hiyo. Mkusanyaji asiyetoa stakabadhi ataarifiwe kwa mtendaji wa kata au ofisi ya Mkurugenzi.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana walau mara moja kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni sehemu ya haki ya wajumbe wake, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Vikao vya Baraza la Madiwani navyo viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Mbao za matangazo hubandikwa fedha zilizopokelewa kwa ajili ya shule, zahanati na miradi. Aliyezisoma aweza kwenda kwenye jengo lenyewe na kulinganisha kilichoandikwa na kinachoonekana.

Hazina ya wenyeji ya mwaka 1926 ilikuwa na daftari ambalo mlipakodi hakuweza kulifungua. Mpango wa mwaka 1972 uliondoa kikao cha kulijadili. Leo daftari lipo, kikao kipo na mkaguzi yupo. Daftari lisilosomwa na mtu, hata likiandikwa vizuri, halimzuii mwizi.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji au kitongoji

1. Ni ushuru na ada zipi zinazokusanywa katika kata hii, na je, stakabadhi hutolewa kila mara?

2. Taarifa ya mwisho ya mapato na matumizi ya kijiji ilisomwa lini, na iliulizwa maswali gani?

3. Ni mradi upi uliopokea fedha mwaka huu, na nani amelinganisha taarifa ya ubaoni na kazi iliyofanyika?

4. Ikiwa malipo yamefanywa kwa kazi isiyokamilika, swali hilo linapaswa kuanzia kwa nani: mtendaji, diwani, Mkurugenzi au mkaguzi?