Dondoo muhimu: Mgeni anapotafuta nyumba Dar es Salaam

Unayetoka Nairobi, Lubumbashi au Bujumbura, jipange mapema: wenye nyumba wengi Dar hudai kodi ya miezi 3, 6 au hata 12 kwa mkupuo, na dalali hutaka ya mwezi mmoja juu yake. Fikia kwanza kwa jamaa au gesti. Usitume hata shilingi kwa nyumba uliyoiona pichani tu.

Ukipata chumba, rudi tena jioni. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, na waulize wapangaji, si dalali, hukatika mara ngapi. Kisha tazama LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla: ni yako peke yako au mnachangia? Mita moja kwa wapangaji sita, mmoja ana friji na mwingine anapiga pasi kila asubuhi, ni ugomvi usiokwisha. Chunguza pia ukuta karibu na sakafu. Mafuriko ya masika huacha alama.

Pesa mkabidhi mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya shahidi, upewe mkataba na risiti. Ukishahamia, nenda na pasipoti yako ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe. Usisubiri uitwe.