Elimu kwa Wananchi: Kompyuta Inapojizima kwa Sababu ya Joto

Kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati, mapato ya kata na hesabu za korosho katika vyama vya msingi sasa hutunzwa kwa kiasi kikubwa katika kompyuta. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma, mashine hizo hukabiliwa na joto, unyevu na hewa ya chumvi. Kompyuta ikizimika ghafla adhuhuri, wengi hudhani imekufa. Mara nyingi haijafa, imejilinda.

Mlinzi wake ni chipu ndogo inayosimamia umeme na joto. Kampuni ya Apple iliitumia katika kompyuta zake zenye vichakataji vya Intel kuanzia mwaka 2006, na kompyuta mpakato za kampuni nyingine zina chipu ya kazi kama hiyo. Hubaki macho hata mashine ikiwa imezimwa, maadamu inapata umeme wa betri au chaja. Ndiyo inayotambua kuwa kitufe cha kuwashia kimebonyezwa.

Chipu hiyo hupokea taarifa kutoka kwa vihisi joto vilivyomo ndani ya mashine. Joto likipanda, huongeza kasi ya feni. Lisiposhuka, kichakataji hupunguziwa mwendo, na kompyuta huwa nzito. Likiendelea kupanda hadi kiwango cha hatari, mashine huzimwa kabla haijaungua.

Hata hivyo, mlinzi huyo hawezi kuondoa vumbi, kuzuia umeme unaopanda na kushuka, wala kuokoa kazi ambayo haikuhifadhiwa. Hayo ni wajibu wa mtumiaji:

1. Kompyuta iwekwe juu ya meza ngumu, mbali na jua la dirishani, na matundu yake ya hewa yasizibwe.
2. Vumbi lisafishwe kwa brashi laini mashine ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa.
3. Kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS, na kazi ihifadhiwe mara kwa mara.
4. Mashine iliyojizima iachwe ipoe. Ikikataa kuwaka, chaja ichomolewe, kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa sekunde 15, kisha ijaribiwe tena.

Ikiendelea kujizima, ipelekwe kwa ofisa TEHAMA wa halmashauri. Huenda kasoro ni feni tu. Kununua kompyuta mpya kabla ya uchunguzi ni kupoteza fedha za umma.