Kinga ya Mimea: Kazi ya Fenoli na Vimeng'enya

Mmea hauwezi kumkimbia adui, wala hauna damu yenye chembe nyeupe za kupambana na vijidudu. Hata hivyo, mimea mingi huzungukwa na kuvu na bakteria siku zote bila ya kuugua. Sehemu kubwa ya kinga hiyo ni kemia ya mmea wenyewe.

Kinga ya kwanza huwapo kabla ya adui kufika. Mfano mashuhuri ni wa kitunguu. Katika miaka ya 1920 na 1930, J. C. Walker, K. P. Link na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichunguza ugonjwa uletwao na kuvu Colletotrichum circinans, ambao huvishambulia vitunguu vyeupe na kuviacha vya rangi. Waligundua kwamba maganda makavu ya vitunguu vya rangi yana misombo miwili ya fenoli: katekoli na asidi ya protokatekwiki. Misombo hiyo huyeyuka katika unyevu ulio juu ya ganda na kuzuia spora za kuvu zisichipue. Maganda hayo yakiondolewa, kitunguu chekundu nacho huweza kuambukizwa.

Kinga ya pili huanza baada ya jeraha. Katika seli nzima, fenoli nyingi huhifadhiwa ndani ya vakuoli, mbali na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi, kilichomo katika plastidi. Seli ikipasuka, viwili hivyo hukutana. Kwa msaada wa oksijeni, fenoli hugeuka kuwa kwinoni, ambazo ni sumu kwa vijidudu vingi. Kisha kwinoni huungana na kufanya rangi ya kahawia. Kimeng'enya kingine, peroksidesi, husaidia kuunda lignini, ambayo huimarisha kuta za seli ili adui asipenye kwa urahisi.

Jaribio: Mwanafunzi akate vipande vitatu vyembamba vya kiazi mviringo. Cha kwanza akiache hewani. Cha pili akipake maji ya ndimu. Cha tatu akitie mara moja katika maji yanayochemka kwa dakika 5. Baada ya saa moja avilinganishe. Cha kwanza hugeuka rangi zaidi, kwa kuwa asidi hudhoofisha kimeng'enya na joto hukiharibu.

Basi mkulima anayevimenya vitunguu ili ving'ae sokoni huvivua ngao yao.

Swali: Kwa nini tunda lililopondeka hubadilika rangi hata kama ganda lake halikupasuka?